Gyula kwa treni: ngome ya matofali, maji moto na mbigili za tuta la mto

Gyula iko kusini-mashariki mwa Hungaria, kilomita chache kabla ya mpaka wa Romania, na wakazi wake hawafiki 30,000. Maelezo haya yamepangwa baada ya kurudi nyumbani, kwa msaada wa risiti, picha za ratiba zilizobandikwa stesheni na daftari la njiani. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, wageni wa kiangazi wameshaondoka na bei za vyumba zimeshuka. Bei ni za forinti. Kwa hesabu ya haraka, wakati huo euro 1 ilikuwa karibu forinti 400. Saa za tarakimu zimeandikwa kama zinavyochapwa kwenye tiketi, kwa hiyo 13:00 ni saa saba mchana; zile za maneno ni za Kiswahili. Majira hayo Hungaria iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Ikifika mwisho wa Oktoba huwa nyuma kwa saa mbili.

Kwanza viza, kwa kuwa ndiyo inayokula muda kuliko safari yenyewe. Ni viza ya Schengen, ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na Hungaria ina ubalozi Nairobi. Bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala lisipungue siku 15, na kwa miezi ya kiangazi siku 15 ni kamari. Tangu 1 Januari 2025 Romania nayo imo ndani ya Schengen hata kwa njia za barabara na reli, kwa hiyo anayetaka kuvuka kutoka Gyula kwenda Arad hahitaji tena viza ya pili. Pasipoti ibebwe lakini. Mji uko karibu na mpaka, polisi hupita wakiuliza hati, na sheria ya Hungaria inamtaka mgeni awe na kitambulisho chake mwilini, si chumbani.

Jumatano. Uwanja wa ndege hadi Keleti

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia Istanbul, Doha au Dubai, na huingia Budapest mchana au jioni. Ukishatua baada ya saa tisa alasiri usilazimishe kufika Gyula siku hiyo hiyo. Laleni Budapest, karibu na stesheni ya Keleti.

Basi la uwanjani ni 100E. Lina tiketi yake pekee, zaidi ya forinti 2,000, na tiketi ya kawaida ya mjini haikubaliki humo. Karibu kila mtu hukaa hadi kituo cha mwisho, Deák Ferenc tér. Anayekwenda Keleti ana njia fupi zaidi: ashuke Kálvin tér, ateremke metro M4, treni isiyo na dereva, na Keleti ni kituo cha tatu na ndicho cha mwisho. Tiketi ya karatasi ya metro lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kushuka ngazi za umeme. Wakaguzi husimama chini ya ngazi, na tiketi ambayo haijagongwa kwao ni sawa na kutokuwa na tiketi.

Pesa taslimu toa kwenye mashine iliyo ukutani mwa benki. Zile zilizosimama peke yake mitaani na uwanjani huuliza kama ungependa ikubadilishie kwa sarafu ya kadi yako. Jibu hapana. Kiwango chao ndicho kinachokula pesa, hata kuliko ada.

Alhamisi. Keleti, Békéscsaba, Gyula

Keleti ilifunguliwa 1884 na ukumbi wake bado unastahili kutazamwa juu kabla ya kutazama ubao wa treni. Madirisha ya tiketi yamegawanyika: *belföldi* ni safari za ndani ya nchi, *nemzetközi* ni za nje. Ukipanga foleni ya pili kwa bahati mbaya utasimama nyuma ya watu wanaonunua safari za Vienna, na kila mmoja huchukua robo saa. Mashine za kujihudumia zinapokea kadi, na programu ya simu ya shirika la reli inafanya kazi vizuri.

Treni ya haraka, InterCity, inahitaji vitu viwili: nauli, na juu yake tiketi ya kiti. Hapo ndipo wageni wengi hunaswa. Wananunua nauli, wanaona wameshalipa, kisha kondakta anawatoza nyongeza ndani ya treni. Soma karatasi yako: *kocsi* ni namba ya behewa, *ülőhely* ni namba ya kiti. Tenga forinti 5,000 hadi 6,000 kwa kwenda tu, kiti kikiwemo. Walioko Hungaria kwa ufadhili wa masomo wa Stipendium Hungaricum, na wamo Wakenya na Watanzania, wana nafuu kubwa: pasi ya mwezi ya nchi nzima, *országbérlet*, ni forinti 18,900 kwa bei kamili na 1,890 kwa mwanafunzi mwenye kitambulisho cha Hungaria. Pasi hiyo inafunika treni na mabasi ya mikoani, lakini kiti cha InterCity bado utakilipia.

Hadi Békéscsaba, mji wa kubadilishia treni ya Gyula, ni kama kilomita 200, saa mbili na nusu hivi. Baada ya Szolnok treni inavuka mto Tisza, na kutoka hapo ni tambarare tupu: alizeti zilizokauka kichwa chini, mahindi, maghala, mnara wa maji, kisha tena alizeti. Mezőtúr, Gyoma, Mezőberény. Unaweza kulala.

Treni ilipoteza karibu nusu saa kabla ya Szolnok, na nafasi ya kubadili treni Békéscsaba ilikuwa dakika kumi tu. Kondakta, mama wa makamo mwenye mkoba begani, alipita akiuliza neno moja kwa kila aliyekuwa na mzigo: "Gyula?" Akahesabu vidole vilivyoinuliwa, akapiga simu. Tulipofika, kitreni cha dizeli cha behewa moja kilikuwa bado kinanguruma jukwaani, mlango wazi. Treni ndogo huweza kusubiri dakika chache, ila mpaka kondakta ajue kuna watu wanaobadilisha. Kwa hiyo usisubiri uulizwe. Mwonyeshe tiketi mapema na umwambie *Gyulára, átszállás*. Ukiikosa, inayofuata huja kama baada ya saa moja.

Neno jingine la kulizoea ni *vonatpótló*. Likitokea kwenye ubao au kwenye tiketi, maana yake sehemu hiyo ya reli inatengenezwa na abiria watapandishwa basi. Basi hilo haliingii jukwaani. Husimama mbele ya jengo la stesheni au upande wa pili wa barabara. Fuata watu wenye mizigo.

Békéscsaba hadi Gyula ni robo saa au dakika ishirini. Stesheni ya Gyula iko pembeni. Katikati ya mji ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu kufuata Béke sugárút, barabara iliyonyooka yenye miti pande zote. Sanduku la magurudumu linasukumika bila shida.

Nyumba za wageni huandikwa *vendégház*, *panzió* au *apartman*, na chumba cha watu wawili huwa forinti 15,000 hadi 25,000 kwa usiku. Mara nyingi hakuna mapokezi. Ufunguo uko ndani ya kisanduku chenye namba za siri karibu na mlango, na namba hutumwa kwa ujumbe siku ya kufika. Hakikisha simu yako ina intaneti kabla ya kutoka Budapest, la sivyo utasimama nje ukimtazama paka wa jirani. Kodi ya kitalii ya kila usiku, *idegenforgalmi adó*, hulipwa papo hapo na aghalabu haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Mezani mwenye nyumba alikuwa ameacha bakuli la plamu za rangi ya zambarau kutoka mti wake na kikaratasi chenye mchoro: wapi soko, wapi ngome, duka gani linafunguliwa Jumapili. Mchoro ule ulikuwa na manufaa kuliko ramani ya simu.

Jambo la kuliweka akilini tangu jioni ya kwanza: mji huu unakula mchana. Jikoni za mikahawa mingi hufungwa saa mbili au mbili na nusu usiku, na nje ya msimu hata mapema. Anayefika 20:45 akiwa na njaa atabaki na kibanda cha tumbaku chenye kibali cha serikali, *Nemzeti Dohánybolt*, chenye alama ya duara ya kahawia, herufi T na namba 18. Kinauza maji, soda na biskuti hadi usiku. Kuhusu maji ya chupa, tazama kifuniko: waridi ni maji ya kawaida, buluu yana gesi nyingi, kijani gesi kidogo. Na maji ya bomba yananyweka.

Ijumaa. Ngome, jumba la Almásy, duka la keki

Ngome ya Gyula imejengwa kwa matofali, na sababu ni ya kawaida kabisa: katika tambarare hii hakuna jiwe. Kilichopo ni udongo wa mfinyanzi wa mto, kwa hiyo walichoma matofali. Ngome nyingine za uwanda huu zilibomolewa au ziliozea. Hii ya karne ya 15 imebaki imesimama, mraba mnene mwekundu mbele ya ziwa dogo. Mwaka 1566 Waturuki wa Osmani waliizingira na kuitwaa kutoka kwa kamanda László Kerecsényi, wakakaa hadi miaka ya 1690. Ndani kuna makumbusho ya vyumba vilivyopangwa upya: jiko, kanisa dogo, ghala la mvinyo, gereza, sebule ya gavana wa Kituruki. Ingia jiko mapema, kabla ya vikundi vya shule. Tazama unene wa ukuta pale kwenye tundu la dirisha. Mkono mzima unapotea ndani na vidole bado havijaona nje.

Makumbusho mengi ya Hungaria hufungwa Jumatatu, na dirisha la tiketi hufungwa kabla ya makumbusho yenyewe. Ratiba yoyote ya Gyula ianze na hilo: usifike Jumapili jioni ukitarajia kuona mambo kesho yake.

Hatua chache kutoka ngome kuna jumba la Almásy, lililofunguliwa kwa wageni 2016. Majumba ya makabaila yamejaa Hungaria nzima na mengi yanachosha, dari za dhahabu na picha za mababu. Hili limepangwa kwa jicho la watumishi: nani aliwasha majiko alfajiri, nani alifua, nani aliyepeleka chakula juu kikiwa bado cha moto. Likipimwa na ngome, hili lina mengi zaidi ya kukaa nayo. Saa mbili hazitoshi kwa anayesoma kila kitu.

Chakula cha mchana ni *napi menü*, supu na chakula kikuu kwa bei moja, forinti 2,500 hadi 3,500, kuanzia saa sita hadi kama saa nane mchana. Huandikwa kwa chaki mlangoni. Hapa lazima tuseme wazi kwa ajili ya Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: Gyula ni mji wa nguruwe. *Sertés* ni nguruwe, *marha* ni ng'ombe, *csirke* ni kuku, *hal* ni samaki. *Zsír* ni mafuta ya nguruwe, na *szalonna* ni mafuta yake yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hutupiwa juu ya vyakula vinavyoonekana havina nyama, kama *túrós csusza*, tambi zenye jibini laini. Kuku wa *pörkölt*, mchuzi mzito wa nyama, naye huenda amekaangwa kwa zsír. Vilivyo salama zaidi ni *rántott sajt*, jibini lililopakwa unga wa mkate na kukaangwa, na samaki wa mtoni. Hata hivyo uliza kikaango. *Zsírral vagy olajjal?* Kwa zsír au kwa mafuta ya mimea? Hakuna aliyekasirika kwa kuulizwa hivyo. Mhudumu mmoja aliingia jikoni, akarudi na chupa ya mafuta ya alizeti mkononi kama ushahidi.

Angalia pia kama risiti ina *szervizdíj*. Ikiwemo, bakshishi imeshalipwa. Isipokuwemo, asilimia 10 inatosha, na hutajwa wakati wa kulipa: bili ni 5,400, unampa noti na kusema 6,000. Ukiacha sarafu mezani hawajui ni zako au zao.

Duka la keki la Százéves, kwenye Erkel tér, lilianza 1840 na ni la pili kwa ukongwe nchini kati ya yale yanayofanya kazi hadi leo. Chumba cha nyuma kina viti na makabati ya zamani. Chukua *dobostorta*, keki ya matabaka yenye kifuniko kigumu cha sukari iliyounguzwa, ambayo József Dobos aliionyesha Budapest 1885. Kifuniko usikikate kwa uma, kitarukia meza ya jirani. Kivunje kwa mkono kwanza. Ukiagiza *tea* bila kueleza huenda ukaletewa chai ya matunda; sema *fekete tea*, na maziwa uyaombe mbali. Chai ya kuchemsha pamoja na maziwa haipo.

Uwanja huo umepewa jina la Ferenc Erkel, mtunzi wa muziki wa wimbo wa taifa wa Hungaria, aliyezaliwa hapa Gyula 1810. Nyumba yake ni ndogo, nusu saa inatosha.

Jumamosi. Soko, kisha maji moto

Soko la asubuhi liwahiwe kabla ya saa tatu. Kufikia saa tano wazee wanafunga meza. Kabla ya kugusa kitu salimia. *Jó napot kívánok*, kila kibanda, kila duka, hata chumba cha kusubiri cha daktari. Anayeingia kimya na kuanza kuuliza bei huonekana hana adabu, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kuelezwa mara mbili. Watoto huwaamkia akina mama wazee kwa *csókolom*, nao huitikia kwa furaha ile ile ya anayeitikia marahaba. Mtu mweusi ataangaliwa, tena bila kificho. Salamu hiyo ikitangulia, macho mengi hugeuka kuwa maswali: unatoka wapi, kuna baridi huko, umeonja hii?

Wazee wengi hawajui Kiingereza. Kijerumani au Kiromania wanakijua zaidi, maana mji una Waromania wa siku nyingi na kanisa kuu lao la Kiorthodoksi, na mtaa mmoja bado unaitwa Németváros, mji wa Wajerumani. Vijana wana Kiingereza cha kutosha.

Mezani kuna asali ya akasia, pilipili nyekundu ya unga ya aina mbili (*édes* si kali, *csípős* ni kali), kachumbari za chupa, tambi za nyumbani. Kwa wenye hamu ya ugali: tafuta *kukoricadara*, chenga za mahindi, au *kukoricaliszt*, unga laini. Yote ni ya mahindi ya njano. Dara peke yake hutoa ugali wenye punje unaochelewa kushikana. Changanya nusu kwa nusu, dara itangulie kwenye maji yanayochemka, uiache dakika tano, kisha unga ufuate. Waromania wa hapa wanapika chakula chao cha mahindi kwa njia isiyo mbali na hiyo, na mama muuzaji alipoonyeshwa picha ya ugali kwenye simu aliongeza vikombe viwili bila kuvipima.

Kibanda cha *lángos* ndicho chenye foleni. Donge la unga wa ngano uliochachuka kwa hamira hutanuliwa kwa vidole vilivyopakwa mafuta, katikati liwe jembamba kuliko ukingoni, kisha hutupwa kwenye mafuta mengi ya moto. Dakika moja na nusu upande mmoja, moja upande wa pili. Likitoka, muuzaji huchovya brashi kwenye mkebe wa maji ya kitunguu saumu na kupaka uso mzima, halafu krimu chachu, halafu jibini lililokunwa. Forinti 1,200 hadi 2,000. Lile lililokaa kwenye rafu huwa kama ngozi ya kiatu, kwa hiyo subiri linaloingia kwenye mafuta sasa hivi. Na hapa pia: mafuta gani?

Soseji ya Gyula, *gyulai kolbász*, ina hifadhi ya jina ya Umoja wa Ulaya tangu 2010. Ni nyama na mafuta ya nguruwe, chumvi, pilipili nyekundu ya unga, kitunguu saumu, kisibiti na pilipili manga, huning'inizwa kwenye moshi kisha huachwa ikauke. Huuzwa jozi jozi. Iliyokomaa inakunjamana kidogo na haibonyei katikati, inayobonyea haijakauka. Anayemchukulia mwenyeji wake wa Ulaya aombe ifungwe bila hewa, *vákuumcsomag*. Kuipeleka nje ya Umoja wa Ulaya ni jambo jingine. Nchi nyingi huzuia nyama isiyo na kibali na mbwa wa uwanjani anaijua harufu hii.

Mchana, Várfürdő, bafu la maji moto lililo ndani ya bustani ya Almásy, ngome ikionekana juu ya miti. Lilifunguliwa 1959, na sehemu moja ya ndani ilikuwa ukumbi wa kufundishia farasi wa kabaila. Tenga forinti 5,000 hivi kwa siku na uangalie bei ya msimu mlangoni. Unavyoingia ni hivi. Unalipa na kupewa bangili yenye chipu, inayofungua lango na kabati. Unabadili nguo, unaoga kwa sabuni, unavaa kandambili. Taulo lako mwenyewe. Dimbwi la kuogelea masafa linataka kofia ya mpira, *úszósapka*, na mlinzi atakutoa bila hiyo. Madimbwi ya kukaa tu hayadai. Nywele zilizosukwa haziingii kwenye kofia ndogo inayouzwa dirishani, kwa hiyo anayetaka kuogelea aje na kubwa kutoka nyumbani.

Kwenye kila dimbwi kuna kibao cha joto. Yale ya 36 hadi 38 ni ya dawa, watu hukaa humo dakika 20 hadi 30, hutoka, hupumzika, hurudi. Kosa la wageni ni kukaa saa nzima kwa sababu ni raha, kisha kusimama ghafla. Kizunguzungu kinachofuata si mchezo, na vigae vinateleza. Bibi mmoja alituonyesha kwa vidole saa ya ukutani, akanyoosha mkono kuelekea kiti cha mbao, na hakutulia mpaka kila mtu alipoketi. Kunywa maji kabla na baada. Wenye shinikizo la damu wabaki kwenye madimbwi ya vuguvugu. Kuna harufu kidogo ya madini. Vito vya fedha vivuliwe, vinaweza kubadilika rangi.

Jumapili. Baiskeli hadi Szanazug

Mji wote uko tambarare kama sinia, na baiskeli ni ya kila mtu, bibi wa miaka themanini akiwemo. Nyumba nyingi za wageni hukodisha, forinti 2,500 hadi 4,000 kwa siku. Kabla ya kuondoka kagua mambo matatu: breki ya nyuma (nyingi ni za kukanyaga pedali kinyume, na asiyezizoea hujisimamisha barabarani), taa, na upepo. Ukiwa nje ya mji gizani sheria inataka fulana inayong'aa. Mwishoni mwa Septemba jua huzama kabla ya saa moja kasorobo.

Njia ni ya kufuata tuta la mto Fehér-Körös. Mto wenyewe zamani ulipita mjini; ulihamishwa katika karne ya 19 kuzuia mafuriko, na mkondo wa zamani sasa ni mfereji wa Élővíz unaopita katikati ya nyumba. Szanazug, kama kilomita 8 hadi 10 kutegemea njia, ndipo Fehér-Körös na Fekete-Körös zinapokutana kuwa Kettős-Körös. Kiangazi watu huoga hapo. Septemba kuna wavuvi, mbu wachache jioni, na vibanda vilivyofungwa. Beba chakula.

Shida ya tuta ni mbigili. Ndiyo, ile ile inayotoboa matairi kwetu, *Tribulus terrestris*. Wahungaria wanaiita *királydinnye*. Hukua kwenye mchanga mkavu pembeni mwa njia, hasa pale unapopisha gari la kilimo na kutoka kwenye lami. Ukiona punje imekwama kwenye tairi usiing'oe pale pale kama upepo bado umo. Mara nyingi ndiyo inayoziba tundu. Endesha hadi mahali pa kivuli, kisha ng'oa na uzibe. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha kidole polepole ndani ya tairi zima, maana mbigili huja kwa kundi na ncha ya pili ndiyo inayoleta pancha ya pili baada ya dakika kumi. Valvu za baiskeli za zamani huko ni zile za Dunlop, kama za baiskeli nyingi za kwetu. Pampu ya valvu ya gari haishiki bila kiunganishi. Mzee aliyekuwa akivua samaki aliacha fimbo zake mbili, akaleta pampu kutoka kwenye fremu ya baiskeli yake na beseni la maji la kutafutia tundu. Alikataa pesa. Alikubali chungwa.

Jumapili mchana maduka madogo hufungwa; makubwa ya pembezoni hubaki wazi kwa saa pungufu. Nunua maji ya njiani Jumamosi.

Jumatatu. Kurudi

Ngome imefungwa, mitaa mitupu, siku nzuri ya kuondoka. Treni ya asubuhi hadi Békéscsaba hujaa wanafunzi, hivyo mwenye sanduku kubwa achukue inayofuata. Ukibaki na saa moja Békéscsaba, kanisa kubwa la Kilutheri liko katikati ya mji, na kila Oktoba mji huo hufanya tamasha la soseji ambalo hujaza vyumba hadi Gyula. Usije wiki hiyo bila kuwa na chumba.

Kiti cha InterCity cha kurudi nunua siku moja kabla, hasa Jumapili jioni ambapo wanafunzi hurejea Budapest. Kwa ndege ya usiku, treni inayofika Keleti saa tano kabla ya ndege kuruka inatosha, pamoja na ucheleweshaji wa saa moja.

Gharama kwa mtu mmoja, watu wawili wakigawana chumba: treni kwenda na kurudi 10,000 hadi 12,000, kitanda 7,500 hadi 12,500 kwa usiku bila kodi, chakula 7,000 hadi 9,000 kwa siku ukila menü ya mchana na kununua cha jioni dukani. Viingilio na baiskeli vilikaribia 15,000 kwa jumla. Noti za forinti zilizobaki zibadilishe Budapest mjini kabla ya kupanda 100E, si uwanjani. Maduka ya fedha ya Nairobi na Dar es Salaam ni nadra kuzipokea. Sarafu hazibadilishwi popote, zimalizie kwenye mashine ya kahawa ya stesheni.